Ukitaka kuijua Tanzania, anza na sura za kujiuzulu

Mpwa wangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa historia. Akaniuliza, "Mjomba, kama ndiyo kwanza kaipata nchi, mbona akaachia?" Alikuwa anamsema Mwalimu Nyerere, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru. Maisha ya Mwalimu nilikuwa nimeyasoma si mara moja. Tarehe zote ninazo kichwani: Butiama 1922, Edinburgh, Saba Saba ya 1954 ilipozaliwa TANU, chama kilichodai Uhuru. Jibu sikuwa nalo. Kurasa zile nilizipita mbio, nikiwahi Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la 1967.

Usiku ule nilizirudia polepole. Ndani ya TANU watu walikuwa wanahoji kwa nini Waingereza bado wamekalia viti vya serikali. Chama chenyewe kilikuwa kinapwaya, maana viongozi wake wengi walishahamia ofisini. Mwalimu akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka nchi kukijenga chama, na Desemba mwaka huohuo akarudi akiwa rais. Ugomvi wote wa nchi changa ulikuwa umejaa kwenye wiki hizo chache.

Tangu hapo, nikishika kitabu cha maisha ya mwanasiasa siku hizi sianzii utotoni. Sura za kuchunga mbuzi na kwenda shule kwa miguu zinafanana mno. Natafuta pale alipoachia ngazi. Anayepanda cheo hutoa shukrani. Anayeshuka hulazimika kueleza alikuwa anabishania nini, na mara nyingi ndicho hicho nchi nzima ilichokuwa inabishania.

Mchukue Bibi Titi Mohamed. Azimio la Arusha tulilikariri shuleni kama orodha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Niliona ni haki tupu, na hadi leo sehemu yangu kubwa inaona hivyo. Lakini soma sharti hilo la nyumba ukiwa umesimama alipokuwa amesimama yeye. Ni mwanamke aliyesoma madarasa machache, aliyetoka kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam akawaingiza wanawake TANU kwa maelfu. Kwa mtu kama huyo, nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni. Akajitoa Kamati Kuu ya TANU. Mwaka 1969 akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Leo ukipita barabara yenye jina lake jijini, hakuna kibao kinachokueleza hayo.

Nina kaunta buku niliyoichora mistari: miaka pembeni, majina juu. Chora na wewe ya kwako, uijaze. Mstari wa 1969 ulinikalisha kimya muda mrefu. Nyerere yuko Ikulu. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa TANU, yuko London tangu 1967. Bibi Titi yuko mahabusu. Watatu hao walikuwa jukwaa moja miaka ya 1950. Kitabu cha maisha ya mtu mmoja kisingenionyesha mstari huo.

Ndiyo maana nasisitiza: usisome mmoja peke yake. Kwenye kitabu chake mwenyewe kila mtu ana haki. Edwin Mtei ameandika jinsi alivyojiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni zimekauka, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) linataka shilingi ishushwe thamani. Yeye anaona tukubaliane nao, Mwalimu hataki kusikia. Ukimsoma Mtei utamuunga mkono. Ukirudi kwa Mwalimu utaiona hofu ya bei kumwangukia mkulima na mfanyakazi. Kisha nenda kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais aliyemfuata Mwalimu, ambaye serikali yake ilikubaliana na IMF mwaka 1986, uone ubishi ule ulivyoishia mikononi mwa mtu wa tatu.

Na Mwinyi naye ana sura yake ya kujiuzulu. Aliachia uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa si yeye aliyewagusa. Miaka michache baadaye akawa rais. Kwa Aboud Jumbe, aliyekuwa rais wa Zanzibar, kujiuzulu Januari 1984 kwa sababu ya mvutano juu ya Muungano kulikuwa mwisho wa safari. Linganisha hizo mbili, uone nchi ilisamehe nini na haikusamehe nini.

Kwenye kaunta buku yangu safu ya Bibi Titi ndiyo yenye nafasi nyingi tupu. Maneno yake mengi yamebaki kwenye mahojiano aliyofanyiwa miaka mingi baada ya kifungo. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu yupo bibi aliyewahi kubeba kadi ya TANU, mkalie karibu na umrekodi. Muulize aliingia lini, kisha muulize kama aliwahi kuacha, na kwa nini.