Gari linazima mlimani, likipoa linawaka: pima kabla hujanunua spea

Msomaji wa Moshi ameniandikia wiki hii. Corolla 110, injini ya 5A, linazima akipanda kutoka Himo kwenda Marangu. Likikaa dakika 20 linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Ameshabadilisha plagi, betri na pampu ya mafuta, na bado linazima. Anauliza: "Fundi, sasa ninunue nini?"

Usinunue kitu, kaka. Inaniuma kuona mtu anamaliza mshahara kwa spea za kubahatisha. Ugonjwa wa kuja na kuondoka hauonekani gari likiwa zima pale gereji. Unaonekana katika zile dakika chache limekufa kando ya barabara, na ndizo dakika ambazo wengi wetu tunazitumia kupiga simu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Gari lisilo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo gari lililonunuliwa Dar likionekana zito kidogo huku kwetu si lazima liwe bovu. Uzito huo lakini ni wa siku zote. Kuzima ghafla, au kuishiwa nguvu leo na kesho kupona, ni ubovu.

Angalia linavyokufa. Likikatika mara moja, kama mtu amezima swichi, fikiria umeme. Likianza kushtukashtuka, likakosa pumzi ukikanyaga mafuta, kisha likafa taratibu, fikiria mafuta. Kwenye gari la gia za mkono kuna ishara nzuri zaidi: gari likiwa bado linaviringika ndani ya gia, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukianguka hadi sifuri wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, moto wa plagi umekatika.

Likishasimama, fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini isipowaka kwenye dashibodi, kontrol boksi (kompyuta ya injini) haipati umeme: nenda kwenye fyuzi na rilei ya EFI, yaani swichi ya umeme inayolisha mfumo wa kunyunyiza mafuta. Rilei za umri huu hupasuka risasi ya kulehemu ndani, zikipata joto zinaachia, zikipoa zinashika. Igongegonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Taa ikirudi, umempata mwizi.

Taa ikiwaka, chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi mmoja, ilaze igusane vizuri na chuma cha injini, mbali na mpira wowote wa mafuta, mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono. Moto mzuri ni wa bluu na una mlio. Kisha sikiliza pampu kwenye tangi. Hapa mafundi wengi hukosea: kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haiungurumi kwa kufungua swichi tu, inasubiri injini izunguke. Ili kuijaribu, fungua kile kiboksi cha vipimo ndani ya boneti na uunge matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imefunguliwa.

Pampu ikiunguruma kwa waya huo lakini ikanyamaza wakati wa stata, na moto wa plagi nao haupo, usiilaumu pampu. Sensa ya mizunguko iliyo ndani ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi) ndiyo ya kushukiwa, kwa sababu kontrol boksi isipoiona injini ikizunguka haitoi moto wala mafuta. Kwa gari linalopona likipoa, hapo ndipo ningeanzia. Ukifika nyumbani unga TE1 na E1 kwenye kiboksi kilekile, fungua swichi, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi 12 au 13 ni ishara ya mizunguko. 14 ni njia ya moto, yaani ignita, koili au waya zake. Zipashe joto moja moja kwa mashine ya kukaushia nywele, injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Itakayoizima injini ndiyo mbovu.

Moto ukiwepo, rudi kwenye mafuta. Fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa nguvu na gari likawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia limeziba, na huo ni ubovu wa bei ndogo kabisa. Vinginevyo funga geji ya presha ya mafuta: pampu ikiendeshwa kwa waya ule, presha iwe paundi 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini, pima umeme kwenye soketi ya pampu kabla ya kuihukumu. Ukikuta pungufu ya volti moja au zaidi kuliko betri, tatizo ni waya au ethi, na pampu mpya nayo itateseka vilevile. Badilisha filta ya mafuta pia. Acha pia kutembelea taa ya mafuta: petroli ndiyo inayoipoza pampu, na tangi tupu juu ya mlima linaichemsha.

Nguvu zikipungua bila kuzima, hasa mizunguko ikiwa juu, fikiria masega ya eksozi (kichujio cha moshi) yaliyoziba. Funga geji ya vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, shikilia mizunguko 2,500. Mshale ukizidi kushuka polepole, eksozi imekabwa. Ila usitumie vipimo vya vitabu vya pwani: penye inchi 17 hadi 21 za zebaki kwa usawa wa bahari, Arusha tegemea 13 hadi 16 tu kwenye silensa, na injini ni nzima.

Kwa hiyo, kaka wa Moshi, ukipanda tena Marangu beba plagi moja na kipande cha waya. Likizima, niandikie mambo matatu: taa ya injini iliwaka? Plagi ilitoa moto? Pampu iliunguruma?