Umevunjika mtulinga na watoto wanataka kutoka: jibu langu kwa mleta uzi

Kaka mleta uzi, pole sana kwa kuanguka na baiskeli na kuvunjika mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega. Umeuliza kama ni lazima ukae ndani mpaka mfupa uunge, na kama watoto wako waliozoea kutoka na wewe kila Jumapili ndiyo basi tena. Naona wengi wamekujibu "pumzika tu mkuu". Hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kushinda ndani siku nzima na watoto wawili na mkono mmoja.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naendesha baiskeli na kikundi cha wikiendi hapa Arusha. Mwaka juzi nilivunjika mtulinga wa kushoto kwenye barabara ya vumbi upande wa Olasiti, gurudumu la mbele lilipozama kwenye mchanga. Ninayoandika ni yaliyonikuta na niliyoelekezwa na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya tiba). Yako yathibitishe na daktari wako, mivunjiko haifanani.

Kabla ya habari za kutoka: vidole vikifa ganzi, kiganja kikiwa cha baridi au kikibadilika rangi, ngozi juu ya mfupa ikivimba kwa ncha kama unataka kutoboka, au ukipata shida ya kupumua, hiyo si safari ya matembezi, ni ya hospitali. Vivyo hivyo kama uligonga kichwa na sasa unatapika, unachanganyikiwa au kichwa kinazidi kuuma.

Haya. Mtulinga ni ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya shingo mpaka begani. Ukianguka kwa bega, au ukijikinga kwa mkono ulionyooka, kishindo chote kinaishia pale, ndiyo maana sisi wa baiskeli tunauvunja sana. Mara nyingi hauhitaji upasuaji. Mkono unaning'inizwa shingoni kwa kitambaa na mfupa unajiunga wenyewe, kwa mtu mzima takriban wiki 6 hadi 12. Mtoto mdogo hupona haraka zaidi. Wapo wanaowekewa bamba la chuma na skrubu, hasa vipande vikiwa vimepishana sana. Umesema wewe umefungwa kitambaa tu, basi naongea na mtu wa kitambaa.

Miguu yako ni mizima, na maumivu ya mwanzo yakishapungua kutembea hakuudhuru mtulinga. Kinachouharibu ni kuanguka tena, kunyanyua uzito kwa mkono ule, na kuvutwa. Hilo la kuvutwa daktari hakuligusia, labda kwa sababu haishi na watoto wangu. Kwa hiyo nilipokuwa nachagua pa kwenda sikuangalia urefu wa njia kabisa. Nilijiuliza mawili: nikiteleza hapa nitashika nini kwa mkono wa kulia? Na nani yuko karibu wa kunivuta wa kushoto?

Mtoto wangu mdogo alikuwa hajatimiza miaka miwili, bado anabebwa, na alikuwa wa hatari kuliko mashimo yote ya barabara zetu. Akiona ndege anakuvuta, akichoka anakurukia. Nilichofanya, kila tukitoka nilifunga kanga nyekundu juu ya kile kitambaa cha hospitali, nikawafundisha wote wawili kwamba upande wa kanga haushikwi. Wanashika mkono wa kulia au wanashika sketi. Mkubwa alielewa mara moja, mdogo alielewa kwa kumuiga mkubwa. Mbeleko ikahamia kwa baba yao, majirani wakapata cha kuongea, na mwenyewe akaizoea kiasi kwamba hata baada ya mimi kupona hakuirudisha upesi.

Kanga inafaa pia kama kitambaa chenyewe kimelowa. Ikunje pembetatu, kiwiko kikae vizuri kwenye kona, kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko, na fundo liwe pembeni mwa shingo upande usiovunjika, lisikandamize uti wa shingo. Nguo za kufunga vifungo mbele ndizo zako kwa sasa. Wakati wa kuvaa anza na mkono unaouma, wakati wa kuvua umalizie nao.

Begi la mgongoni sahau. Mkanda wake unakaa juu ya mfupa kabisa. Maji na vitafunwa wabebe watoto kwenye vibegi vyao vya shule, wanafurahi kupewa kazi.

Usafiri nao ni nusu ya shughuli. Bodaboda usipande, hata kama ni ya jirani yako na anaendesha polepole. Ukianguka pale umerudi mwanzo au pabaya zaidi. Daladala iliyojaa nayo utasukumwa begani, na konda akitaka kukusaidia kupanda atakukamata mkono wowote ulio karibu. Kwenye gari binafsi angalia mkanda. Magari yetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo mkanda wa abiria wa mbele unapita juu ya bega la kushoto, na wa anayekaa nyuma ya dereva unapita juu ya bega la kulia. Mimi wa kushoto nilikuwa nakaa nyuma ya dereva. Wewe hujasema umevunjika upande gani. Kama ni kulia, kaa mbele au nyuma ya kiti cha abiria. Usije ukaacha kufunga mkanda kwa sababu unauma.

Mama mkwe alikuja kunisaidia na alikuwa na msimamo wake: mgonjwa hakai nje, upepo unaingia kwenye mfupa. Alipika mtori mzuri sana na sikuukataa hata siku moja. Ila alitaka kuniletea mtu wa kuchua bega kwa mafuta, na hapo nilimwomba kwa heshima zote tusifanye. Mfupa uliovunjika karibuni ukichuliwa unatikiswa vipande vyake, na chini ya mtulinga kuna mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayokwenda mkononi. Kama wazee wako wana hamu ya kusaidia, waombe dagaa. Unamla mzima na mifupa yake, kalsiamu ipo ya kutosha. Na kama unavuta sigara, acha angalau kipindi hiki, inachelewesha mifupa kuunga.

Mazoezi ya mkono niliyafanyia nje hukohuko. Vidole, kiganja na kiwiko unavichezesha kila siku tangu mwanzo, la sivyo utapona mfupa ubaki na kiwiko kigumu. Baadaye, mtaalamu aliponiruhusu, niliinama mbele nimeshika mti kwa mkono mzima, nikaachia wa kushoto uning'inie na kubembea wenyewe kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti, na wakikosea tunaanza upya, jambo ambalo nadhani walilifanya makusudi. Kuinua mkono juu ya bega subiri uambiwe.

Sasa pa kwenda. Umesema uko Usa River, basi una bahati, Ziwa Duluti liko jirani yako pale Tengeru. Ni ziwa la kreta, yaani maji yamejaza shimo la volkano, limezungukwa na msitu, na kuna njia ya miguu inayolizunguka. Kivuli mwanzo mwisho. Getini kuna ada ya kuingia. Watoto wanatafuta kima juu ya miti na kenge wakiota jua ukingoni, na ukikaa kimya kidogo unaweza kumsikia furukombe, yule tai mla samaki, akilia. Tahadhari yangu ni mizizi, imekatiza njia na wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo unateleza vibaya. Mimi nilichukua fimbo ya kulia, nikavaa viatu vya kamba vyenye meno, na mume wangu akatembea upande wangu wa kushoto pale njia inapokuwa nyembamba ili mtoto asipite huko. Si lazima mmalize kulizunguka. Tulikuwa tunafika mahali pazuri tunatandika shuka, tunakula, tunarudi. Mitumbwi ipo lakini iache: kupiga kasia kunatumia bega lote, na kuingia na kutoka tu kwenye mtumbwi unaotikisika kunatosha kukuangusha.

Chemka, ile chemchemi kule chini kupita Boma Ng'ombe, watoto watakuomba twende. Nenda ukishaanza kupata nafuu, kwa sababu barabara ya vumbi ile itakutikisa mpaka meno. Maji ni safi na ya uvuguvugu, kaa ukingoni uweke miguu, visamaki vije vikudonoe, watoto watacheka mpaka wachoke. Kuogelea kwa kutupa mikono hapana kwa wakati huo, na ile kamba ya kurukia majini usiiangalie hata kwa jicho la pembeni. Mwingine mzima aingie na watoto majini, wewe huwezi kumwokoa mtu kwa mkono mmoja.

Hifadhi ya Taifa Arusha ni nzuri kwa gari, kuna twiga na mbega, na maziwa ya Momella. Matembezi ya miguu na askari mle ndani niliyaweka kiporo. Kule kuna nyati, na sitaki kuwa mtu wa kukimbia huku ameshika bega.

Lakini kilichotufaa kuliko vyote hakikuhitaji safari. Mkubwa wangu alikuwa na miaka sita na hajui baiskeli. Nilikuwa nimepanga kumfundisha kwa njia tuliyofundishwa sisi, mzazi anakimbia nyuma ameinama, ameshika siti. Kwa mtulinga uliovunjika hiyo haiwezekani, na nashukuru haikuwezekana, maana ni njia mbovu. Ukishika siti unamsawazishia wewe, yeye anajifunza kukanyaga pedeli tu, na siku ukiachia anaanguka.

Tulimpelekea fundi wa mtaani baiskeli akafungua pedeli zote mbili na kushusha siti mpaka mtoto akafikisha nyayo zote chini akiwa amekaa. Ukitaka mtu wa nyumbani afungue, mara nyingi ni spana namba 15, na akumbuke pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wameharibu hesi (ile mikato ya skrubu) hapo. Kisha tukaenda kwenye uwanja wa shule ya jirani jioni, upande wenye majani na mteremko mdogo. Mtoto anajisukuma kwa miguu, hatua fupi, halafu ndefu, halafu anaanza kuinua miguu na kuachia iende. Kwanza mfundishe breki, akiwa anatembea nayo tu. Akishaweza kuserereka mbali bila kugusa chini, rudisha pedeli, siti ipande kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Kazi yangu ilikuwa kutembea pembeni, nimesimama wima, mkono kwenye kanga, nampa maneno. Siku pedeli ziliporudi aliondoka moja kwa moja, bila mtu kumshika. Baba yake alikuwa ameshakaa tayari kukimbia na hakuhitajika. Kama mtoto wako mmoja bado hajui, huu ndio msimu wake.

Na wewe utarudi lini kwenye baiskeli? Usifuate kalenda peke yake. Mimi niliruhusiwa baada ya picha ya eksirei kuonyesha mfupa mpya umejaza pengo, nikibonyeza pale pasiume, na mkono unapanda juu sawa na mwenzake. Kabla ya hapo kilichokuwa kinanishawishi ni kwamba maumivu yalikuwa yameisha kitambo, na maumivu huisha kabla mfupa haujawa imara. Jipime ukutani: simama, weka viganja viwili ukutani, jisukume. Ukishindwa hilo, hutaweza kushika breki za ghafla kwenye mteremko, kwa sababu uzito wote wa mwili unakuja kwenye mikono.

Ukiruhusiwa, anza na lami tulivu, tambarare, peke yako au na mtoto, si na kundi linalokimbizana. Pandisha usukani kidogo kama wa baiskeli yako unaweza kupandishwa, ili usilalie mikono. Upepo wa matairi usiwe mgumu sana. Njia za vumbi ziwe za mwisho.

Baiskeli yenyewe mpe fundi aikague uma wa mbele, usukani na rimu kabla hujaigusa. Na kofia uliyoangukia nayo, hata kama huoni ufa, sponji yake ngumu ya ndani ikishaminywa mara moja haifanyi kazi tena pale ilipominywa. Nunua nyingine, na ile ya zamani ikate mkanda ili asije akaivaa mtu mwingine hapo nyumbani.

Kwa wiki hii nenda Duluti Jumapili asubuhi. Jumamosi usiende, ni siku ya soko Tengeru, na kupita kwenye msongamano ule na bega bovu ni kujitafutia.