Programu za mikopo: nitapimaje kama sheria imewalinda watu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika sheria, niko Mombasa. Nataka kuandika tasnifu kuhusu programu za mikopo ya simu, kama sheria zilizotungwa Kenya zimepunguza ile tabia ya kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili aaibike alipe. Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo mara mbili. Anasema swali ni pana na njia ya utafiti haionekani. Wakopaji kadhaa wamekubali kunipa picha za skrini za meseji za vitisho. Nikizikusanya nitakuwa nimevunja Sheria ya Ulinzi wa Data? Na nitajuaje kama ni sheria iliyoleta mabadiliko?

Jibu: Marahaba mwanangu. Naanza na picha za skrini, maana hapo unaweza kumuumiza mtu kabla hujaandika hata ukurasa mmoja.

Mkopaji akikupa meseji aliyotumiwa, ridhaa yake inatosha kwa yale yanayomhusu yeye. Sasa itazame picha yenyewe. Mara nyingi mna jina la shemeji, namba ya mwajiri, pengine majina ya chama kizima cha akina mama. Hao hawakukopa, hawakukubali lolote, wala hawajui kama wewe upo. Nilipofanya mahojiano ya namna hii, mama mmoja muuza samaki alinikabidhi simu yake nisome mwenyewe. Meseji ilikuwa imetumwa kwenye kundi la wazazi wa shule, na aliyekopa hakuwa yeye. Nilinakili maneno ya vitisho kwa mkono, majina nikayaacha, simu nikairudisha. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya, na wewe nakushauri ufanye hivyo. Ikibidi uwe na picha, ziba majina na namba mbele ya mwenye simu, kabla haijaingia kwenye kompyuta yako.

Kisheria, kifungu cha 53 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinalegeza masharti kwa ajili ya utafiti, historia na takwimu, mradi data itumike kwa kazi hiyo tu na matokeo yasimtambulishe mtu. Wanafunzi wengi hukisoma kifungu hicho kama ruhusa ya kuzoa kila kitu. Sivyo. Kanuni za kifungu cha 25 bado zinakubana: unachukua kile tu unachokihitaji. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, uwe navyo kabla ya mahojiano ya kwanza.

Sasa nije kwenye kinachomsumbua msimamizi wako. Wewe umepanga kuwahoji wakopaji. Lakini dhara unaloliulizia huwaangukia pia watu wasiokopa, yaani wale ambao namba zao zilikuwa kwenye simu ya mdaiwa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ilitumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, ikawatumia wenye namba hizo meseji za vitisho na kuwapigia simu. Aliyepigiwa simu akiwa sokoni au kazini, akaambiwa amkumbushe fulani deni lake, ndiye shahidi wako mkuu. Mweke katikati ya tasnifu.

Utampataje? Usimwombe mkopaji akupe namba ya shahidi huyo. Ukifanya hivyo umerudia kitendo kilekile cha programu unayoichunguza: umepata namba ya mtu kupitia simu ya mwenzake bila yeye kujua. Mpe mkopaji karatasi fupi inayoeleza utafiti wako na namba yako, aipeleke, na anayetaka kuzungumza akutafute mwenyewe. Utapata watu wachache kuliko ulivyotaka. Ukubali uchache huo na uueleze wazi kwenye sura ya mbinu.

Kuhusu kilicholeta mabadiliko, weka tarehe mezani kwanza. Aprili 2020, Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili wasimamiwe. Machi 2022 zikatoka kanuni zao, na humo mkusanya deni amekatazwa vitisho, matusi, na kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili awatumie watu ujumbe mteja akishindwa kulipa. Wakopeshaji 10 wa kwanza walipewa leseni Septemba mwaka huo. Halafu, kuanzia 31 Mei 2023, Google ikapiga marufuku programu za mikopo zilizoko kwenye Play Store kusoma namba na picha za mtumiaji, na marufuku hiyo ilikuwa ya dunia nzima.

Hapo ndipo tasnifu nyingi hujikwaa. Ukikuta simu za aibu zimepungua baada ya katikati ya 2023, huwezi kuipa Nairobi sifa yote, kwa kuwa huenda mlango ulifungwa na kampuni ya California. Kuna njia ya kutenganisha. Kila programu ya Android hubeba ndani yake orodha ya ruhusa inazoomba, na matoleo ya zamani yanaweza kulinganishwa na mapya. Chukua programu chache zenye leseni na chache zisizo nayo, uone ni lini kila moja iliacha kuomba ruhusa ya kusoma namba. Iliyoacha mwishoni mwa 2022 inakuelekeza kwenye kanuni, na iliyoacha Mei 2023 inakuelekeza Google. Zile zinazopakuliwa nje ya Play Store zichunguze peke yazo, kwa sababu sharti la Google halizifikii.

Wingi wa malalamiko usiufanye kipimo cha maudhi. Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data aliapishwa Novemba 2020, na watu wakiijua ofisi ndivyo wanavyozidi kuiendea. Soma maamuzi yenyewe, ambayo ofisi hiyo huyachapisha, moja baada ya jingine: nani alilalamika, mkopaji au mwenye namba? Alipewa fidia? Siku 90 za kumaliza uchunguzi wa lalamiko, za kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, zilizingatiwa? Ukikosa takwimu, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kuamua ombi lako, kwa hiyo iandike mapema.

Ukiambiwa uongeze Tanzania, kataa kwa adabu. Sheria yao ya ulinzi wa taarifa binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na ulinganisho huo ni tasnifu nyingine.

Pendekezo la tatu lipeleke na swali hili: je, tangu kanuni za Machi 2022, watu wasiokopa wameendelea kudaiwa madeni ya wenzao, na namba zao humfikiaje mkopeshaji?