RAM ya ThinkPad X240 inaongezeka hadi wapi?

Kaka, umeuliza kama laptopu yako ya X240 yenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4 inaweza kufikishwa GB 16: sahau. Mashine hiyo ina sloti (tundu la kuchomekea) moja tu ya RAM na kikomo chake ni GB 8, kwa hiyo hiyo GB 4 yako haiongezewi nyingine pembeni: inatolewa, inawekwa ya GB 8. X230 iliyoitangulia ndiyo yenye sloti mbili na inafika GB 16, hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Dukani usiseme "nipe DDR3" ukaishia hapo. Hiyo ni jina la aina ya RAM tu. Taka DDR3L ya laptopu, inayotumia volti 1.35. Soma lebo: ikiandikwa PC3L ndiyo yenyewe. PC3 bila hiyo L ni ya volti 1.5, achana nayo hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Iliyotumika inatosha kabisa, RAM haichakai kirahisi, ila ijaribiwe mbele yako kabla hujatoa hela.

Kabla ya kufungua mfuniko wa chini, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uzime betri ya ndani. X240 ina betri mbili. Ukichomoa ile ya nje, umeme bado upo kwenye bodi. Mkumbushe na fundi.

Windows yako ikiwa ya biti 32, haitumii RAM zaidi ya GB 4, kwa hiyo inayozidi kwenye hiyo GB 8 itakaa bure.

Halafu, kama bado ina diski ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya inchi 2.5, ile nyembamba ya milimita 7. RAM ifuate mfuko ukiruhusu.