Usimuulize ana maoni gani, muulize alikuwa wapi

Mwaka wa tisa huu kazi yangu ni kukaa kitako mbele ya mtu na kumsikiliza saa moja, saa moja na nusu, wakati mwengine mpaka chai ya pili. Nilianzia redio ya jamii, sasa narekodi mwenyewe na kurusha mtandaoni. Nahoji watu kuhusu siasa, utamaduni na mambo ya dunia, na haipiti wiki bila kijana kuniandikia: "Kaka, na mimi nataka kuhoji watu, nianzie wapi?" Huwa namjibu maneno mawili matatu kisha naendelea na safari zangu. Leo umeme upo na mvua inanyesha, kwa hiyo nitamjibu vizuri.

Nianze na aibu yangu. Miaka yangu ya mwanzo nilipata nafasi ya kumhoji mwanamuziki kutoka Mali aliyekuja kupiga kwenye tamasha la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe, Unguja. Nilipewa dakika kumi na mbili na mkalimani wa Kifaransa. Swali langu la kwanza likawa: "Unaionaje Zanzibar?" Akasema ni pazuri, watu wakarimu, samaki watamu. La pili: "Una maoni gani kuhusu hali ya kisiasa nchini kwenu?" Akanipa jibu ambalo nina hakika keshawapa waandishi mia kabla yangu, lenye amani ndani yake, na umoja, na vijana. Dakika tisa zikenda na maji.

Akaanza kukifunga chombo chake, ngoni, katika kanga mpya aliyoinunua Darajani. Mimi, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza: "Hiki kishawahi kukaa muda mrefu bila kupigwa?" Akasimamisha mikono. Akasema ndiyo, miezi. Mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipoiteka kaskazini ya Mali, muziki ulipigwa marufuku huko. Yeye alikizungushia chombo chandarua, akakitia ndani ya gunia la mchele, akapanda nalo gari ya kwenda Bamako, na njia nzima alikuwa akiomba Mungu gari isiruke shimo, waya zisije zikalia. Hapo mtu wa jukwaa akaja kumchukua. Nilibaki na dakika tatu za dhahabu na tisa za takataka.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza maoni. Si kwamba watu wetu hawana, tunayo mpaka yanamwagika. Nenda baraza ya kahawa ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, asubuhi, mdila wa kahawa ukiwa bado unatoa moshi, uone dunia inavyogawiwa upya: Gaza imeshaamuliwa, Ukraine imeshapewa masharti, Marekani imeshaonywa mara ya mwisho, na kashata hazijesha kwenye sinia. Ukitaka maoni huna haja ya kinasa sauti. Shida ya maoni ni kwamba mengi yameokotwa njiani, kutoka televisheni au kwenye kundi la WhatsApp, na anayeyasema hawezi kukupa zaidi ya alichokiokota. Lakini mtu akikueleza alikuwa wapi, nani alikuwa pembeni yake na mkononi alishika nini, hayo hakuyaazima kwa mtu.

Hapo hapo barazani kuna mzee mmoja ambaye hachangii sana. Siku moja nilimuuliza habari za mgogoro wa Mfereji wa Suez zilimkuta wapi. Alikuwa mtoto, mwaka 1956, kenda dukani kununua sukari. Mwenye duka alikuwa na redio, na miaka hiyo Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, watu wakijazana mlangoni kumsikiliza Nasser, rais wa Misri, anavyowajibu Waingereza. Na sisi wakati huo tuko chini ya Waingereza hao hao, basi fikiria hicho kicheko kilivyokuwa cha chini chini. Mtoto akasimama akasikiliza mpaka magharibi ikamkuta. Alipofika nyumbani alichapwa bakora tatu, na sukari yenyewe alikuwa ameisahau dukani. Mpaka leo nikisikia mtu anachambua siasa za Mashariki ya Kati naikumbuka ile sukari.

Mfano mwengine, na huu nauelezea kwa kirefu kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi, ni wa Pemba. Nilivuka kwenda kuandaa kipindi kuhusu biashara ya dunia. Nikafika kwa mzee mmoja nje kidogo ya Wete, msimu wa karafuu, uwanja mzima umetandikwa majamvi na harufu inakuingia mpaka kooni. Baada ya shikamoo na habari za huko Unguja, na mtoto kuletwa anisalimie, nikatoa daftari langu nikamuuliza anauonaje utandawazi. Akanitazama. "Ndio nini hicho?" Nikaanza kumfafanulia, na kila nikifafanua nazidi kuzama. Akainama akaendelea kugeuza karafuu zake.

Nikafunga daftari. Nikamwambia, "Mzee, kuna mwaka wowote ulizitazama karafuu ukatamani usingezichuma?" Hapo akakaa. Akaniambia kuna wakati bei ilianguka hata ujira wa wachumaji ulimshinda, gunia mbili akaziweka chini ya kitanda, akalala juu yake. Binti yake alikuwa keshaposwa. Harusi ikasogezwa misimu miwili. Nikamuuliza nini kiliiangusha bei. "Waindonesia," akasema, kama anayemtaja jirani mwenye mbuzi wakorofi. "Walikuwa wakinunua kwetu, kisha wakapanda zao."

Na ndivyo ilivyokuwa hasa. Indonesia wana sigara zao ziitwazo kretek, ambazo tumbaku huchanganywa na karafuu, na kwa miaka mingi wao ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu. Wakapanua mashamba yao wenyewe, na kufikia miaka ya 1980 wakawa karibu wanajitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Yule mzee hakuwahi kufika Java, lakini alijua kwamba huko kuna mtu anavuta sigara, na mtu huyo ana neno katika harusi ya bintiye. Nilitafuta mchumi wa kunieleza jambo hilo wiki mbili nzima, kumbe lilikuwa limelala chini ya kitanda Wete.

Kwa hiyo ukitaka kuhoji mambo ya dunia, tafuta mahali dunia ilipoingia ndani ya nyumba ya mtu. Huwa iko. Majumba ya ghorofa ya Michenzani, hapa mjini Unguja, yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo kuna bibi ambaye Vita Baridi ndiyo iliyomjengea ukuta wa jiko. Kuna mtu wa Mkoani, Pemba, ambaye daktari wa kwanza kumgusa tumbo alikuwa Mchina. Ingia hapo kwanza. Hizo siasa kubwa zitakuja zenyewe, na zikija zitakuwa zimevaa nguo za nyumbani.

Lakini usije ukadhani swali dogo linakuondolea kazi ya kusoma. Linakuongezea. Safari hiyo hiyo ya Pemba nilimhoji mvuvi, mtu mzima wa makamo, akawa ananihadithia vizuri tu, mara akasema: "Hiyo ilikuwa kabla ya kwenda Shimoni." Mimi nikamkata: "Shimoni wapi?" Nilikuwa naijua habari yenyewe kwa juu juu, ila jina la mahali halikunigonga. Januari 2001, baada ya maandamano ya upinzani ya tarehe 26 na 27 kuzimwa kwa risasi, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Kenya, na Shimoni ndiko wengi walikofikia. Kule huna haja ya kutaja mwaka, neno moja linatosha. Yule bwana aliponisikia nauliza, uso ukafunga kama dirisha. Maswali yaliyobaki akanijibu ndiyo na hapana, kwa adabu zote, akanipa na dafu la njiani. Sikumlaumu. Mtu hawezi kukufungulia jeraha halafu akaanza kukufundisha jina lake.

Sasa kabla ya kwenda kokote naandika karatasi moja: tarehe ambazo watu wa pale hawana haja ya kuelezwa. Naandika pia maneno. Maana hapa kwetu neno lenyewe ni ushahidi. Yuko atakayesema Mapinduzi Matukufu, yuko atakayesema Mapinduzi tu, na yuko mzee atakayesema "uvamizi" kwa sauti ya chini huku akitazama mlango. Usimsahihishe hata mmoja. Usirudie swali kwa neno lako, rudia kwa neno lake.

Wanasiasa ni habari nyengine. Mwanasiasa ukimuuliza alikuwa wapi atakwambia alikuwa na wananchi. Dawa yake niliyoiona ni nambari, tena nambari anayoipenda. Mkubwa mmoja alikuwa akinisifia kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar kati ya CCM na CUF, vyama vilivyokuwa mahasimu, akataja asilimia 66.4 iliyosema ndiyo. Nikamwambia, "Katika theluthi iliyosema hapana, wewe unamjua nani?" Kimya. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunaogopa kimya, tunaongeza swali la pili kumuokoa mtu. Mimi kimya kikiingia nahesabu moyoni pole pole mpaka kumi, kama mtu anayevuta uradi. Nilifika saba. Akasema, "Ndugu yangu, tumbo moja." Kipindi chote kikageuka pale, tukazungumza habari za familia iliyokuwa haisaliani msikiti mmoja, na maridhiano likawa neno lenye watu ndani yake.

Vyombo sitavisemea sana. Simu nzuri na kipaza sauti cha kubana kwenye kola vinatosha. Zima feni. Azana ikiingia nyamaza, usiikate baadaye, iache. Adui wa kweli wa Mji Mkongwe ni kunguru, na kama una njia ya kuwahoji wanyamaze niandikie.

Kubwa ambalo nataka ulishike ni la mlangoni. Wazee wetu hawasemi jambo zito wakiwa wamekaa rasmi. Utakunywa chai, utaaga, utavaa viatu, na ukiwa umeshika kitasa ndipo linatoka. Bibi mmoja alinizungumzia taarabu na harusi za zamani saa nzima huku anachagua mchele kwenye ungo. Nilipofika 1964 hakukataa, alizidisha tu kuchagua, punje moja moja, mpaka nikaona haya nikahamia swali jengine. Nikazima. Mlangoni akanishika mkono wa shati, akanihadithia robo saa nzima, tumesimama, mguu wangu mmoja umo kwenye kiatu na mmoja haumo.

Nikayaandika usiku ule ule nikayasoma kwenye kipindi. Jina sikulitaja, nikajiona muungwana. Nilisahau kuwa kisiwa hiki ni kidogo, na kwamba nilitaja ghorofa, na mti uliokuwa mbele ya nyumba ya zamani. Mtaa mzima ukajua siku ya pili. Hakunigombeza. Aliniletea salamu kupitia kwa mjukuu wake, kwamba nisipite tena, na sijapita. Maneno ya mlangoni si yako. Ukiyapewa, sema: "Bibi, haya nakuja nayo kesho, ukitaka tutayaweka, usipotaka yatabaki hapa." Kesho yake akikuambia hakumbuki alisema nini, basi hakusema.

Na ukimaliza, mrudishie mtu sauti yake. Hili wengi hawalifanyi. Yule mzee wa karafuu nilimrudia baada ya mwezi, nikamchezea mazungumzo barazani kwake, jirani zake wawili watatu wakasogea. Akajisikiliza kwa makini sana, kidole hewani. Alipofika kwenye zile gunia akasema, "Simamisha. Hapo nimesema uongo, zilikuwa tatu." Jirani yake akasema zilikuwa nne, na moja aliificha kwake. Mwengine akauliza hiyo ya nne mbona yeye hakuambiwa. Ikawa zogo, mara mtu akataja magendo ya Mombasa, wote wakacheka, wakanitazama mimi, wakanyamaza, kisha wakacheka tena. Mzee akagonga jamvi na kiganja. "Haya, washa tena mashine yako."

Nikatazama simu. Chaji asilimia kumi na moja.