Kabla hujamhukumu kwotabeki wa chuo, tazama miguu yake

Msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukipamba moto huku Marekani, kila Jumamosi jioni kundi letu la WhatsApp hujaa hukumu kuhusu kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi. Huyu presha haiwezi. Yule ndiye mwenyewe. Mara nyingi hukumu imetoka kwenye pasi moja iliyodakwa na mpinzani dakika za mwisho, na anayehukumiwa ni mwanafunzi wa miaka 19 au 20. Nimeufuatilia mchezo huu tangu nihamie huku, na ninaamini kwa dhati kwamba matokeo ya pasi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Ushahidi wenye nguvu hupatikana kabla mpira haujatoka mkononi.

Kwotabeki akishapokea mpira huwa na takriban sekunde mbili na nusu. Mbele yake wapo walinzi watano wa timu yake wa kumkinga, na wapinzani wanakuja kwa kasi kumwangusha; hiyo ndiyo presha. Ninapotazama marudio, mpira siufuati kabisa. Nafuata miguu na macho yake. Anayeiweza presha hupiga hatua ndogo kwenda mbele, katikati ya walinzi wake, huku macho yakiwa bado kwa wapokeaji wa pasi. Asiyeiweza hurudi nyuma ovyo, au hushusha macho kuwaangalia wanaomjia. Macho yakishashuka, hata mpokeaji aliye peke yake uwanjani hamwoni tena.

Mfano ninaowaonyesha wote wanaoniuliza ni wa Joe Burrow, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), Septemba 2019, ugenini kwa Texas mjini Austin. LSU wanaongoza 37-31, zimebaki dakika chache, ni dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na wanahitaji yadi 17. Texas wanatuma watu wengi kumvamia. Burrow anasogea mbele, anakwepa kidogo upande wa kushoto, macho hayajashuka hata mara moja, kisha anampa pasi mpokeaji Justin Jefferson, anayekwenda nayo hadi mwisho: yadi 61, tachidauni, yaani bao la kuvuka mstari wa mwisho. LSU walishinda 45-38. Sasa jiulize: kama Jefferson angeuangusha mpira ule, Burrow angekuwa amefanya vibaya? Hapana. Kazi yake ingekuwa ileile, na alama yangu kwake ingebaki palepale.

Jambo la pili, na hapa ndipo mabishano yetu hukwama: presha imeletwa na nani? Si kila mara walinzi ndio waliovunjika. Kuna kwotabeki anayekaa na mpira hadi sekunde ya nne akisubiri pasi ndefu, akiangushwa tunawalaumu walinzi. Tazama fainali ya taifa ya Januari 2018 pale Atlanta, Alabama dhidi ya Georgia. Tua Tagovailoa, mwaka wake wa kwanza chuoni, aliingizwa baada ya mapumziko kuchukua nafasi ya Jalen Hurts, timu ikiwa nyuma 13-0. Wakafika muda wa nyongeza. Dauni ya kwanza alikaa na mpira, akazidi kurudi nyuma, akaangushwa kwa hasara ya yadi 16. Kosa lile lilikuwa lake. Dauni iliyofuata, akihitaji yadi 26, alimvuta beki wa mwisho kwa macho kwanza, kisha akageukia kushoto na kumtupia DeVonta Smith pasi ya yadi 41. Wakashinda 26-23. Watu hukumbuka ile pasi tu. Mimi nasema zitazame dauni zote mbili pamoja, kwa sababu swali kubwa kwa kijana ni anafanya nini mara baada ya kuangushwa. Je, anaharakisha pasi inayofuata kwa hofu, au anarudi kwenye mwendo wake?

Kuhusu takwimu, kuwa mwangalifu sana. Kwenye futiboli ya vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa hukatwa kwenye yadi zake za kukimbia. Ukiona ana yadi hasi za mbio, usidhani hajui kukimbia. Huenda jioni nzima alikuwa chini. Halafu kuangushwa hakuhesabiwi kama pasi iliyojaribiwa, kwa hiyo asilimia yake ya pasi zilizofika inaweza kupendeza huku timu ikizama. Pasi fupi za pembeni nazo huipandisha asilimia hiyo bila kutuambia lolote kuhusu presha.

Angalia pia wapinzani. Mwanzoni mwa msimu vyuo vikubwa huvilipa vyuo vidogo vije kucheza, na mechi hizo hazifundishi mengi. Mimi husubiri Oktoba na Novemba, hasa mechi za ugenini usiku. Uwanja wa LSU kule Baton Rouge huchukua watu zaidi ya 100,000, na kelele zikipanda, sauti ya kwotabeki mgeni haiwafikii walinzi wake. Wanaanza kwa ishara, mlinzi mmoja anachelewa nusu sekunde, na presha inazaliwa hapo bila mtu kuishiwa ujasiri.

Tangu 2024 kocha anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji mmoja kupitia redio iliyo ndani ya kofia, lakini mawasiliano hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila dauni ikibakiwa na sekunde 15. Kuanzia hapo kijana yuko peke yake. Sekunde hizo nazipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye mchezo huu: mtazame anavyowanyooshea kidole wanaotaka kuvamia, anavyowapanga walinzi upya, anavyobadili mpango mzima wa shambulizi. Anayeigundua hatari hapo mara nyingi hutoa mpira mapema, na wewe kwenye kochi huoni presha yoyote. Vijana wa namna hii hawapewi sifa wanazostahili, na inaniuma.

Ukitaka kuanza wikendi hii, chagua kijana mmoja na mechi zake tatu au nne, kwa kuwa mechi moja haina presha ya kutosha kuhukumia. Ruka mengine yote, tazama dauni za tatu zinazohitaji yadi saba au zaidi, maana hapo wapinzani wanajua pasi inakuja. Mara ya kwanza funika ubao wa matokeo, na simamisha video mpira unapotoka mkononi.