Nani anawashika watoto pale chini ya mwembe?

SWALI

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Goba. Mwanangu wa miaka mitano yuko kwenye shule ndogo ya watoto 28. Nusu ya siku wako nje, mara bustanini, mara kwa kuku, mara chini ya mwembe. Walimu hawaitwi walimu, wanaitwa waongozaji, na mwenye shule, ambaye zamani alifanya kazi benki, watoto humwita Dada. Mtoto anaipenda shule, lakini anarudi na matope mpaka masikioni na daftari halina kitu. Mama mkwe anasema nalipa ada mtoto akacheze. Mume wangu anataka tumhamishie shule yenye basi la njano. Nitajuaje kama hawa watu wanajua wanachofanya au wana maneno mazuri tu?
Mama wa Goba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mumeo ameuliza habari za basi, wewe umeuliza habari za watu, na hapo umemzidi. Kwenye shule ya ghorofa, mwalimu akiwa mbovu, kengele na ratiba na kitabu cha kiada vitamsukumasukuma hadi saa nane mchana. Chini ya mwembe, mwongozaji akiwa si lolote, unabaki na mwembe.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Kuna mwaka nilikuwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Siku moja tunaimba sentensi ya ubaoni, "Mbuyu ni mti mkubwa," na mbuyu wenyewe umesimama nje ya dirisha. Mtoto akaniuliza maua yake yana rangi gani. Nikamwambia akae chini. Kusema kweli sikujua. Nimekuja kujua nimeshastaafu, kwamba ni meupe, yananing'inia kichwa chini, yanafunguka jioni na popo ndio wageni wake. Ubuyu nimeumung'unya tangu utoto, ule mwekundu wa pakiti, ua lake sikuwahi kuinua shingo kulitazama.

Hilo jina la mwongozaji lisikutishe, wala lisikulevye. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto kule Roma mwaka 1907, alipendelea kumwita mwalimu mwongozaji, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuandaa mahali pa mtoto na kumtazama. Leo jina la mama huyo limejaa kwenye vibao vya chekechea zetu, na kibao huandikwa na fundi rangi yeyote. Omba uone vyeti vya waliofundishwa kazi hiyo. Halafu nenda ukakae asubuhi nzima, simu mkobani.

Nilifanya hivyo kwenye shule moja ndogo huko Kigamboni. Watoto watano wamemzunguka jongoo, mmoja ameshika kijiti. Mwongozaji, binti wa kama miaka thelathini, akachuchumaa pembeni yao na kunyamaza. Akanyamaza kweli, mpaka mimi nikaanza kuwashwa. Ningekuwa mimi ningeshatoa hotuba. Mwenye kijiti alipotaka kumchoma jongoo, binti akamshika mkono taratibu, akauliza, "Hebu, hapa kwenye pingili moja pana miguu mingapi?" Vichwa vikagongana. Miwili! Minne! Wakarudia. Pingili za katikati zina minne, zile za mwanzo karibu na kichwa hazifiki. Hiyo ndiyo K ya tatu kwenye KKK, kuhesabu, na hakuna aliyefungua daftari. Isipokuwa binti mwenyewe. Watoto walipotawanyika alitoa kijidaftari mfukoni akaandika nani alirudia kuhesabu mara tatu, na nani alitaka kuchoma. Kwa maandishi hayo ndiyo hupanga andalio la kesho yake.

Kwa hiyo daftari la kuomba uonyeshwe ni lile la mwongozaji. Muulize mwanao alikuwa anashindwa nini mwezi uliopita, na sasa yuko wapi. Akikwambia "anaendelea vizuri, ni mchangamfu," bado hajamwona mtoto.

Mwenye shule ile ya Kigamboni alikuwa anatembea na komwe, zile za bao, idadi sawasawa na watoto. Kila wanapohama mahali, kila mtoto anayemwona kwa macho, komwe moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Siku ile ikabaki moja. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma ya banda la kuku akamkuta mwenye komwe yake amelala juu ya gunia la pumba.

Kuhusu benki, sioni ubaya. Huenda hesabu za ada zitakaa sawa kuliko kwetu sisi walimu. Kinachonitia wasiwasi ni mtu huyo huyo kuwa mwenye shule, mwalimu mkuu, mhasibu, mpishi wa uji na mwamuzi wa kila kesi. Muulize hivi: ukilala na homa wiki mbili, nani anafungua geti na nani anashika hela ya chakula? Na mwongozaji asiyekubaliana na wewe hukwambia lini? Akikutajia siku, labda Ijumaa watoto wakishaondoka tunakaa kwenye mkeka tunasemana, umepata jibu. Akikwambia "hapa sisi ni familia," uliza tena.

Mengine ni ya haraka. Cheti cha usajili kiwe ukutani, na waseme wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, walifika lini mara ya mwisho. Masika radi zikianza, watoto wanakimbilia wapi? Mwembe haukubaliki. Na chungulia ndani ya yale matairi ya kuchezea. Dengi ilipotusumbua hapa Dar mwaka 2014, na tena 2019, mbu wake alikuwa yule wa mchana, anayezaliana kwenye maji masafi yaliyotuama. Mwongozaji anayependa asili lakini hamwagi maji ya tairi, mimi simwachii mjukuu.

Sasa mama mkwe. Usibishane naye. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe na shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua litumikeje. Sisi walimu, wengi wetu, tukaona jembe ni dawa ya mchelewaji. Ukichelewa namba, tuta moja. Ukipiga kelele, matuta mawili. Kama mkweo alisoma enzi hizo, akiona mtoto ana matope anadhani ameadhibiwa. Nenda naye hiyo asubuhi, na mwombe Dada ampe kazi, hata ya kuonyesha watoto jinsi ya kupanda mchicha.

Mumeo muulize basi la njano litapita Goba saa ngapi. Nawajua watoto wa jiji hili wanaopandishwa basi saa kumi na moja alfajiri, wanamalizia usingizi wameegemea kioo.

Na hizo nguo: usiziloweke zikiwa na matope mabichi, yanaingia kwenye uzi. Zianike zikauke, zikung'ute nje, ndipo utie sabuni.